Wengine Walivuka, Wengine Walijaribu

Somo la msimu wa mvua kwa familia na vikundi vya nyumbani

Maandiko ya kusoma kabla ya somo: Kutoka 14:15-31, Waebrania 11:29, Mithali 22:3, Luka 14:28-30, Kumbukumbu la Torati 22:8, Ezekieli 33:1-6

Jumapili iliyopita katika ibada ya pili niligusia jambo hili kwa ufupi, na wengi wenu mkaniomba niliandike ili mlisome na watoto nyumbani. Naanza na kitu ambacho pale madhabahuni sikukisema chote, kwa sababu kinanihusu mimi mwenyewe.

Miaka michache iliyopita, Ijumaa moja ya mwezi wa Aprili, tulikuwa na kesha. Mvua ilianza saa kumi jioni, ile mvua yetu ya Eldoret inayokuja na mawe, na stima ikapotea. Kufikia saa moja usiku simu yangu ilikuwa imejaa ujumbe mmoja tu: "Pastor, kesha iko?" Nikajibu kwenye kikundi cha WhatsApp kwa ujasiri mwingi. Niliandika kwamba mvua ni mbinu ya adui, na mwenye imani atafika. Watu wakaandika Amina, Amina.

Mama mmoja wa kanisa letu aliusoma ujumbe ule. Alikuwa na mtoto wa miaka mitatu mgongoni na mwingine wa darasa la pili amemshika mkono. Kati ya kwake na kanisani kuna kijito ambacho siku za kawaida unakiruka bila kulowesha kiatu. Usiku ule kilikuwa kimefunika mawe yote ya kuvukia. Akaingia. Alipofika katikati maji yakampiga magotini, akateleza. Vijana wawili wa bodaboda waliokuwa wamejikinga mvua kwenye kibanda ndio waliomsikia akipiga kelele, wakaingia na kamba ya kufungia mizigo, wakamtoa yeye na watoto wake. Viatu, mkoba na Biblia vilienda na maji. Yule mtoto mkubwa alikuwa amekunywa maji machafu, akalazwa siku tatu.

Wale vijana hawakuwa wanakuja kesha. Walikuwa wanangoja mvua ipungue, basi.

Nilipomtembelea yule mama hospitalini, aliniambia hivi: "Pastor, niliogopa nikibaki nyumbani mtasema sina imani." Sikuwa na jibu. Nimelitafuta jibu tangu siku ile, na somo hili ndilo jibu lenyewe. Nalileta sasa kwa sababu msimu wa mvua ndefu umefika tena, na huku kwetu Uasin Gishu, tofauti na Nairobi, mvua haiishi Mei. Inaendelea hadi Agosti na hata Septemba.

1. Kuvuka kwa imani na kujaribu kuvuka

Fungua Waebrania 11:29. Mstari huu ni mfupi, na kwa miaka mingi mimi niliusoma nusu. Nusu ya kwanza inasema Israeli walipita baharini kwa imani, miguu yao ikikanyaga mahali pakavu. Nusu ya pili inasema Wamisri nao walijaribu njia ile ile, na maji yakawameza.

Bahari ilikuwa moja, njia moja, usiku mmoja. Kwa nini hawa walifika na wale wakafa? Rudi Kutoka 14 usome polepole. Musa hakuwaambia watu warukie maji. Mungu alisema kwanza, kisha upepo ukavuma usiku kucha, maji yakagawanyika, nchi ikakauka, ndipo watu wakashuka. Nenda pia Yoshua 3. Yordani ilikuwa imefurika hadi kwenye kingo zake wakati wa mavuno. Makuhani walioambiwa waingie na sanduku la agano waliambiwa na Mungu mwenyewe, na taifa lote lilisimama mbali likingoja hadi maji yakasimama. Watu walipita pakavu, wazee na watoto wachanga pamoja.

Wamisri walikuwa na magari mazuri, farasi wenye nguvu na haraka ya kufika. Neno kutoka kwa Mungu ndilo hawakuwa nalo. Walitegemea kwamba kwa vile wengine wamepita, wao pia watapita. Wapendwa, si hivyo ndivyo tunavyosema kwenye daraja lililofunikwa na maji? "Si ile probox imepita? Twende!"

Mtu ataniuliza: na Petro je, si alitembea juu ya maji? Soma Mathayo 14:28-29. Petro hakushuka kwenye mashua mpaka aliposikia Bwana akimwita aje. Na Isaya 43:2 je, ahadi ya Mungu kuwa nasi tunapopita majini? Ni ahadi ya kweli na mimi naishika. Lakini iliambiwa watu ambao shida ilikuwa imewakuta, watu waliopelekwa uhamishoni. Mungu aliwaahidi kuwa nao katika shida. Hakuwatuma kwenda kuitafuta.

Shetani alimpeleka Bwana Yesu juu ya hekalu akamwambia ajirushe, na akamnukulia andiko la malaika wanaolinda (Mathayo 4:5-7). Andiko lilikuwa la kweli, ila matumizi yake ndiyo yalikuwa ya uongo. Yesu alikataa, akalitaja katazo la kumjaribu Mungu. Na hakuna aliyewahi kusema kwamba siku ile Yesu alikosa imani.

Kwa hivyo yule mama angebaki nyumbani na watoto wake, afunge mlango, aombe akiwa kitandani, angekuwa ametii Mithali 22:3, pale panaposema mwenye busara huona hatari akajificha. Mimi ndiye niliyempa fundisho la Kimisri. Nimemwomba msamaha, na leo naomba msamaha kwenu.

2. Yajue maji unayoyaona

Tunadharau maji kwa sababu tunayajua yakiwa kwenye ndoo. Sasa fikiri hivi. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Tangi la lita 1,000 lina tani nzima. Mto ukifurika, zile ni tani nyingi zinazokimbia mfululizo bila kupumzika.

Wataalamu wa uokoaji wanatufundisha vipimo vitatu, na ningependa kila mtoto wa shule ya Jumapili avijue kwa kichwa. Maji yanayokimbia yenye kina cha sentimita 15, yaani juu kidogo ya kifundo cha mguu, yanaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 zinaweza kulisukuma gari dogo. Sentimita 60 zinatosha kubeba magari mengi, hata yale makubwa. Tena yakiwa na matope huoni kama barabara iko chini au ilishakatwa.

Tarehe 4 Desemba 2021, Jumamosi, basi lililobeba wanakwaya na waumini wa Kanisa Katoliki lilikuwa linaelekea harusini. Likafika mto Enziu, karibu na Mwingi katika kaunti ya Kitui. Maji yalikuwa yamepita juu ya daraja. Watu walikuwa wamesimama kando wakitazama. Basi likaingia, na kabla ya kufika ng'ambo likasukumwa nje ya barabara likazama mbele ya macho ya watu. Zaidi ya watu 30 walikufa, wakiwemo watoto. Hawa walikuwa waimbaji, watu wa kanisa, waliovaa nguo zao nzuri za harusi.

Je, walikuwa wenye dhambi kuliko sisi? Hapana. Bwana Yesu aliulizwa swali la aina hii, naye akataja mnara wa Siloamu ulioangukia watu 18 (Luka 13:4). Alikataa kabisa kusema kwamba waliokufa walikuwa wabaya kuliko wengine. Kwa hivyo mtu wa kanisa hili asisikike akisema kwamba waliopatwa na mafuriko wamelaaniwa. Maji hayaulizi mtu ameokoka au bado.

Kitu kingine cha kujua ni kwamba mvua inayokuua si lazima ikunyeshee wewe. Mto wetu Sosiani unaanzia nyanda za juu upande wa Kaptagat na Keiyo, unapita katikati ya mji wetu, unaungana na mto Kipkaren, halafu Nzoia, hadi Ziwa Victoria kule Budalangi, kaunti ya Busia. Mvua kubwa ikinyesha kule juu saa tisa, wewe uko mjini jua linawaka, unafua nguo kando ya mto, na mto unaongezeka bila tone moja kukuangukia. Ndiyo maana ndugu zetu wa Budalangi wamefurikiwa mara nyingi Nzoia inapovunja kingo, wakati mwingine kwa mvua iliyonyesha huku kwetu juu. Ukiona maji yamebadilika rangi kuwa kahawia, yanaleta matawi na takataka, au unasikia mngurumo kutoka juu, toka hapo mara moja. Usirudi kuchukua ndoo.

3. Hesabu gharama

Nilisomea biashara kabla sijaitikia wito, na mwalimu wetu alikuwa na kanuni moja: pima hatari kwa kuuliza maswali mawili. Jambo hili lina uwezekano gani wa kutokea? Na likitokea, litanigharimu nini? Nilipofika Luka 14:28-30, nikakuta Bwana Yesu amelisema zamani, kwamba mtu anayetaka kujenga huketi kwanza akahesabu gharama. Sasa tuketi.

Tuseme chumba kando ya mto ni shilingi 3,000 kwa mwezi, na chumba kama hicho mahali palipoinuka ni 4,500. Unaokoa 1,500 kila mwezi, yaani 18,000 kwa mwaka. Inaonekana ni busara. Lakini hesabu kilicho ndani ya nyumba: godoro 7,000, jiko na mtungi wa gesi 6,000, televisheni 13,000, bidhaa za biashara yako 15,000, sare na vitabu vya watoto 6,000. Jumla ni 47,000. Mto ukiingia mara moja katika miaka miwili, umeokoa 36,000 na umepoteza 47,000. Na hapo hatujaweka siku ulizokosa kazi, wala pesa za hospitali. Uhai wa mtoto hatuuweki kwenye hesabu kabisa, kwa sababu hauna bei.

Lakini hesabu hii isiwe fimbo ya kumchapa maskini. Najua wako kati yetu ambao ile 1,500 ya ziada haipo, hata wakihesabu mpaka asubuhi. Yakobo 2:15-16 inatukemea sisi tunaomwambia ndugu aende salama ilhali hatumpi kitu. Ukimwambia mama mboga "hama pale mtoni" na huna msaada wowote, umempa maneno matupu.

Basi angalia Yusufu katika Mwanzo 41. Mungu alionyesha njaa mapema, na jibu la Yusufu lilikuwa mpango wa kuweka akiba: sehemu moja ya tano ya mavuno, kwa miaka saba, kabla shida haijafika. Kikundi cha nyumbani cha watu 12, kila mmoja akiweka shilingi 50 kwa wiki, kinapata 600. Kwa wiki 20 ni 12,000. Hiyo inaweza kumhamisha mshirika mmoja na kumlipia mwezi wa kwanza na amana. Vikundi viwili tayari vimeanza. Vingine tusingoje hadi tuitishe harambee ya mazishi.

4. Kwa wenye ploti na wanaojenga

Hapa naomba nizungumze kwa heshima, maana wengi wenu ni wazee wangu na ndio mmelijenga kanisa hili.

Sheria ya Musa ina amri moja ndogo ambayo hatuihubiri mara nyingi, Kumbukumbu la Torati 22:8. Ukijenga nyumba, weka ukuta mdogo kuzunguka paa, ili mtu asianguke na damu yake ikawa juu ya nyumba yako. Siku hizo watu waliketi na kulala juu ya paa. Mungu aliona ujenzi wa hatari kuwa jambo la damu, hata kama mwenye nyumba hakumsukuma mtu yeyote.

Leo paa letu ni ukingo wa mto. Sheria za Kenya zinatenga nafasi ya mto, kuanzia mita 6 hadi 30 kutoka ukingoni kulingana na upana wa mto na mahali maji yake yanapofika yakijaa. Mwaka wa 2024, mafuriko yalipoua karibu watu 300 nchini, serikali iliamuru watu waliokaa ndani ya mita 30 za mito Nairobi wahame, na nyumba nyingi zikabomolewa. Waliopoteza zaidi walikuwa wapangaji, na aliyechukua kodi alikuwa amelala kwingine. Mithali 22:28 inatukataza kusogeza mipaka ya zamani. Mimi nasema mto nao una mpaka wake wa zamani. Unaweza kuujaza udongo kiangazi, ukauza ploti, ukapata hati. Mto haujui hati. Siku yake ikifika unarudi kwao.

Tena maji ya mafuriko hayatoki mtoni peke yake, yanatoka pia kwenye mapaa yetu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Ploti ya 50 kwa 100 ni kama mita za mraba 465. Idara ya Hali ya Hewa huita mvua kubwa ile inayozidi milimita 20 kwa saa 24. Milimita 20 kwenye ploti hiyo ni kama lita 9,300. Zikinyesha 50 ni zaidi ya lita 23,000, yaani matangi mawili ya lita 10,000 na ziada. Zamani ploti ilikuwa nyasi na mahindi, udongo ukanywa sehemu kubwa. Sasa ni mabati, saruji na kabro kutoka ukuta hadi ukuta, na yote yanamwagwa kwa jirani wa chini. Eldoret ilipandishwa kuwa jiji Agosti 2024, tukashangilia. Lakini jiji lina mabati mengi kuliko kijiji. Weka tangi, acha sehemu ya udongo, elekeza maji yako kwenye mtaro badala ya mlango wa mwenzako. Kumpenda jirani kunaanzia kwenye bomba la paa.

Na huo mtaro wenyewe usiwe jaa la taka. Usiku wa kuamkia Jumatatu tarehe 29 Aprili 2024, kule Mai Mahiu, maji yalikuwa yamekusanyika nyuma ya tuta la reli kwa sababu njia ya chini ya kupitisha maji ilikuwa imezibwa na miti, mawe na udongo. Tuta likaachilia maji yote kwa pamoja, watu wakiwa wamelala, na makumi wakafa. Karavati lililoziba linageuka kuwa bwawa ambalo hakuna mtu alilijenga. Angalia lile la mtaani kwako limejaa nini. Chupa na nepi zilitoka wapi?

5. Mlinzi na tarumbeta

Ezekieli 33 inasema mlinzi akiona upanga unakuja asipige tarumbeta, damu ya watu itadaiwa mkononi mwake. Akipiga na mtu akapuuza, mtu huyo amejibeba mwenyewe. Usiku ule wa kesha nilikuwa mlinzi niliyepiga tarumbeta ya kuwaita watu waje kwenye hatari.

Hatuhitaji kwenda mbali kutafuta sababu ya kulinda. Usiku wa kuamkia Jumamosi tarehe 1 Novemba 2025, udongo uliporomoka Chesongoch, Marakwet Mashariki, baada ya mvua kubwa. Zaidi ya watu 20 walikufa, majeruhi wakaletwa kwa ndege hadi hapa Eldoret. Baadhi yenu mlienda kutoa damu na kupeleka nguo. Mlifanya vizuri sana. Lakini upendo unaopeleka blanketi baada ya msiba ni upendo ule ule unaopiga simu kabla ya msiba.

Kwa hivyo, baada ya kuzungumza na Mchungaji Kiongozi na wazee, tumekubaliana haya kwa msimu wote:

Kwanza, mvua kubwa ikinyesha siku ya kesha au ya ushirika wa katikati ya wiki, tutakutana nyumbani au kwa simu. Ujumbe utatumwa kabla ya saa kumi na moja jioni. Ukiona mwenyewe kwamba njia si salama, baki, hata kama ujumbe haujafika. Hakuna atakayekuuliza kuhusu imani yako.

Pili, kila kikundi cha nyumbani kiandike majina ya washirika wake wanaokaa karibu na mto, kijito au chini ya mteremko, hasa wazee, wajawazito, walemavu na watoto wanaobaki peke yao. Kila jina lipewe mtu mmoja wa kulipigia simu na nyumba moja ya juu ya kukimbilia. Mjue mapema. Saa nane usiku si saa ya kuuliza "twende kwa nani?"

Tatu, jengo la kanisa litafunguliwa usiku wowote kwa yeyote aliyetolewa kwake na maji, awe mshirika wetu au la, awe Mkristo au Mwislamu.

Nne, Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi vijana na wanaume watazibua mitaro ya barabara ya kanisa. Kuja na jembe, koleo na gambuti.

Na nyumbani kwako, wiki hii hii: weka vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, hati na kadi za kliniki kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, mahali pa juu. Sikiliza utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa redioni, hasa zile stesheni za lugha zetu. Wakataze watoto kucheza mtoni na kuvuka vijito wakitoka shule. Waambie wangoje na mwalimu au kwa mtu mnayemjua. Maji yakianza kuingia ndani, zima stima kwenye swichi kuu kama unaweza kuifikia ukiwa umesimama pakavu, kisha toka na watu wako. Vitu viache. Ukimwona mtu amebebwa na maji, usirukie. Mtupie kamba, leso ndefu au mtungi mtupu unaoelea, na uite msaada. Namba ya Msalaba Mwekundu ni 1199, haina malipo, na ya dharura ni 999 au 112. Maji yakipungua, chemsha au tibu kila maji ya kunywa, kwa maana vyoo vimechanganyika na visima na kipindupindu hufuata mafuriko.

Hitimisho

Waebrania 11:7 inasema Nuhu alionywa kuhusu mambo ambayo hayajaonekana bado, akaogopa ile hofu ya kumcha Mungu, akajenga safina kuokoa nyumba yake. Angalia vizuri: alionywa, akachukua hatua, na Biblia ikaiita hatua hiyo imani. Kupima mbao, kupaka lami, kukusanya chakula, yote yale yaliandikwa kwenye orodha ya mashujaa wa imani pamoja na kuvuka bahari.

Yule mama bado anaabudu nasi. Siku hizi ndiye anayekiangalia kile kijito kwa niaba ya kikundi chake. Mvua ikianza anatoka na mwavuli na tochi, anatazama jiwe moja kubwa lililo katikati. Jiwe likifunikwa, anaandika kwenye kikundi: "Msije. Limezama." Na mimi, mchungaji, naandika Amina.

Maswali ya kikundi

1. Ni mara gani umeona mtu, au wewe mwenyewe, akiita ukaidi imani? Ilileta nini?
2. Soma Mathayo 4:5-7. Tunatofautishaje kumtegemea Mungu na kumjaribu?
3. Ni nani katika kikundi chetu anaishi mahali ambapo maji yanaweza kufika? Nani atampigia simu usiku?
4. Kama wewe ni mwenye ploti, maji ya paa lako yanaenda wapi? Jirani wa chini angesema nini?
5. Kikundi chetu kitaanza lini kuweka akiba, na kiasi gani kila wiki?

Ombi

Baba, asante kwa mvua inayotupa mahindi na maziwa. Utusamehe pale tulipoita haraka yetu imani, na pale tulipojenga bila kuwajali walio chini yetu. Wakumbuke waliofiwa Chesongoch, Mai Mahiu na Mwingi. Tupe masikio ya kusikia onyo, miguu ya kungoja, na mikono ya kufungua mlango usiku. Katika jina la Yesu, Amina.